Sahani ikirudi imejaa

Saa mbili ya usiku, katika nyumba moja ya kampi huko Kolwezi. Bwana ametoka poste ya mchana, amevua viatu mlangoni, amenawa mikono. Bibi anaweka bukari, sombe ya mafuta ya ngazi na vipande vya bitoyo. Bwana anamega mara mbili, kisha anasukuma sahani. «Miye nimeshiba, mama.» Watoto wanatazama samaki. Bibi anatazama sahani, hamtazami bwana. Halafu anauliza kwa sauti ya chini: «Umeshiba wapi?»

Ulizo hilo la maneno mawili tumelisikia katika nyumba nyingi, na tumeona nyumba zilizotikisika sababu yake. Kwetu chakula cha bibi si chakula tu. Mwanaume anayerudisha sahani amesema neno, hata kama amenyamaza. Bibi anasikia moja ya mambo haya: kuna mwanamke mwingine anayempikia, ao bwana anaogopa kuwekewa kitu ndani ya nyungu, ao mama-mkwe amesema tena. Mara nyingi ukweli ni mdogo kuliko hayo yote. Huyu bwana wa Kolwezi alikuwa amekula ku kantini ya kazi saa saba: wali, kuku, maharagwe. Wiki kwa wiki kinywa chake kilizoea kuku wa kantini, na sombe ya nyumbani ikaanza kumwonekea kama majani matupu. Basi, ni hiyo tu. Lakini hakusema, na bibi angejua namna gani?

Tumezungumza na wamama wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na wapapa vilevile. Tumeona kwamba maneno ya nyungu yanaanzia pahali pawili: kule mtu alikotoka, na kule mtu anakofanya kazi.

Tuanze na kule mtu alikotoka. Mtoto aliyezaliwa ndani ya kampi anajua bukari ya mahindi meupe. Akioa binti wa Kasai, anapewa bukari iliyochanganywa na unga wa muhogo, laini, yenye kuvutika. Akioa binti wa Kalemie, anaweza kukuta muhogo mtupu na ndakala za ziwa. Kila mmoja anaamini kwamba bukari ya kwao njo bukari, ile ingine ni kujaribu tu.

Wazee wanacheka wakisikia ugomvi huu. Wakati wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906, watu waliletwa toka Kasai, toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Ruanda-Urundi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikataka mfanyakazi akae na bibi yake ndani ya kampi, asirudi kwao. Posho ikagawanywa: unga wa mahindi, nyama ao samaki, mafuta, chumvi. Hakuna aliyeuliza mtu kama kwao wanakula muhogo. Ndivyo mahindi yalivyokuwa chakula cha kampi, na wajukuu wa wale watu leo wanasema «chakula cha kwetu» bila kujua kwamba kilitoka ku magazini ya kampuni. Gécamines nayo iliendelea kutoa unga. Halafu ikafika miaka ya 1990, mishahara ikakawia miezi na miezi, wamama wakalima na kuuza barabarani ili nyumba zisimame. Mama mmoja mzee wa Likasi alituambia: «Ule wakati, nani angesema hapendi? Ulikula kile kilipatikana, ukashukuru Mungu.»

Ni kweli. Lakini hatuwezi kuwaambia vijana wa leo waishi kama katika njaa ile ili wapatane.

Katika Likasi hiyohiyo, mama mwingine, mzaliwa wa Mbujimayi, alitufundisha kitu. Bwana yake alikuwa analalamika kwamba muhogo unamnata ku meno. Yeye mwenyewe alikuwa anasikia bukari ya mahindi matupu kama mchanga mu kinywa. Walikaa hivyo karibu miaka miwili, siku moja huyu ananuna, siku ingine yule. Sasa anapika hivi: «Maji ikichemuka, minatia unga ya mahindi, minaacha inatokota sawa uji. Halafu minagawanya. Nusu moja minaimaliza na mahindi, njo ya papa. Nusu ingine minaimaliza na muhogo, njo yangu. Makala ni moja, moto ni moja.» Kule kwao ndivyo wanavyopika tangu zamani: mahindi kwanza, muhogo nyuma. Yeye ameongeza tu kugawanya katikati. Na watoto? «Bale banakula ya pande zote mbili. Bo hawana shida.»

Kuna vyakula ambavyo haviwezi kugawanywa hivyo. Vinkubala, kwa mfano. Mvua zikianza, soko linajaa, na mtu wa Katanga anafurahi kama mtoto. Lakini tumemkuta mama mmoja ambaye kwao hawavigusi; mwaka wa kwanza wa ndoa alivipika akiwa amefumba macho, kisha akatapika nyuma ya nyumba. Bwana alimhurumia. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe anavisafisha na kuvikaanga na nyanya na kitunguu, juu ya mbabula, mbele ya mlango. Majirani walicheka wiki nzima. «Papa anapika, bibi anakaa ku kiti!» Wiki ya pili walizoea, na wawili kati yao walikuja kuomba kuonja. Sisi tunamuunga mkono yule bwana. Mikono inayoendesha mashine ya kutoboa mawe haitavunjika sababu ya kushika kijiko.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Mwiko wa ukoo, katazo la kanisa, ao munganga aliyesema «punguza chumvi» si tamaa ya kinywa. Hayo mtu ayaseme wazi mapema, na mwenzake asiyafanyie mchezo. Kwa mwenye tansio, bitoyo inalowekwa usiku mzima na maji yanabadilishwa. Hata vile isiwe ya kila siku.

Sasa tufike pahali panapouma: makuta ya rasio. Wamama wengi waliozungumza nasi walirudia neno moja kwa namna mbalimbali, na mmoja alilisema vizuri kuliko wote: «Anaacha makuta ya matembele, anarudi na kinywa ya kuku.» Hapo si tena kutofautiana kwa tamaa. Mwanaume anayetaka nyama aache pesa ya nyama. Na yule anayepita kwanza ku malewa karibu na mlango wa mine, anakula mishikaki na kunywa, halafu anakuja nyumbani kusema sombe haina ladha, huyo amekula sehemu ya watoto wake. Tunajua wapapa fulani watatukasirikia kwa kusoma hivi. Wakasirike, kisha wahesabu.

Wamama nao wana fungu lao. Kuna bibi anayepika kama mama yake alivyopika, neno kwa neno, na ukimwomba apunguze pilipili anasikia umemtukana mama yake. Kuna ambaye hajui kwamba mtu anayetoka poste ya usiku, asubuhi, hana tumbo la bukari. Joto na vumbi vimemjaa. Anataka chai ao uji, alale, bukari aikute saa nane. Bwana mmoja alikaa miaka mitano akimeza tonge za asubuhi kwa nguvu ili bibi asikasirike. Miaka mitano! Bibi naye alikuwa anaamka saa kumi ya usiku, hapendi, kwa kufikiri bwana njo anataka hivyo.

Turudi Kolwezi. Usiku ule bwana hakujibu ulizo, alikwenda kulala. Siku tatu bibi hakumsemesha isipokuwa kwa njia ya watoto: «Mwambie papa yako maji iko tayari.» Siku ya ine bwana alikaa naye nje, akamweleza mambo ya kantini, wali na kuku, yote. Bibi alinyamaza kwanza. Kisha akasema: «Ulikuwa useme tu. Ile samaki batoto bangekula.»

Walipatana hivi: siku za kazi anamwekea bukari kidogo, samaki inakwenda kwa watoto, siku ya Yenga bwana analeta kuku mzima, wote wanakula pamoja. Na saa ya kupumzika anapiga simu. Tulikuwa tumekaa kwao siku moja mchana, simu ikalia. Bibi alisikiliza, akacheka, akakata. «Anasema leo kantini ni maharagwe tu.» Akasimama, akaongeza maji ndani ya nyungu.