Seneta Akirudi Kuomba Kura (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulieleza kazi ya mwakilishi wa wadi. Leo tupande hadi Seneti, tuanzie Samburu: hii yetu ya Kinango, kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, si ile kaunti ya kaskazini.

Mwanasiasa akisimama sokoni pale huulizwa maji na barabara. Mbunge anayetetea kiti ataonyesha madarasa ya mfuko wa NG-CDF, gavana ataonyesha zahanati. Seneta hana mfuko wa maendeleo. Hana jiwe la msingi la kupigia picha. Ndiyo maana anayetetea kiti hiki hujikinga kwa chama na jina. Tangu ugatuzi uanze, Kwale imechagua maseneta wawili tu: Boy Juma Boy mwaka 2013, kisha Issa Juma Boy mwaka 2017 na 2022. Wote walipita na ODM, na wote wanabeba jina la Juma Boy, aliyepata kuwa katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU.

Lakini chama si ngome. Desemba 2020 eneo bunge la Msambweni, humu humu Kwale, lilimchagua Feisal Bader, mgombea huru, kuwa mbunge, likamwacha wa ODM. Mwaka 2022 Kwale ilimpa ugavana Fatuma Achani wa UDA, na kwa useneta ikabaki ODM. Mpiga kura wa Kwale anajua kuchambua karatasi zake sita za kura.

Basi mpinzani wa kweli amshike wapi seneta? Amuulize amemhoji gavana mara ngapi juu ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na nini kilifuata. Kisha aguse kura ya fedha, ambayo naiona nzito kuliko yote. Kwa mambo ya kaunti, Kifungu cha 123 cha Katiba kinaipa kila kaunti kura moja: Kwale ni sawa na Nairobi. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi juu ya mfumo wa kugawia kaunti mapato, na Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingepoteza. Suluhu ikapatikana Septemba: mfumo mpya usubiri hadi mgao wa kaunti ufike shilingi bilioni 370.

Mfumo wa sasa unakoma Juni 2030. Atakayechaguliwa tarehe 10 Agosti 2027 ndiye atakayepiga kura ya Kwale juu ya mwingine. Wagombea wakifika Samburu, waulizwe mapema watataka uzito uwekwe wapi: idadi ya watu, umaskini, au ukubwa wa ardhi.