Kamera Isiyotumia Filamu

Natumaini mmekwisha keti, na mwalimu wenu ameandika maneno matatu ubaoni: nukta, tarakimu, nakala. Leo tutajifunza habari za kamera isiyotumia filamu, yaani kamera ya dijitali. Wengi wenu mnayo kamera ya namna hii ndani ya simu. Lakini tutaanza na zile za kwanza zilizouzwa madukani, kwa sababu mambo yanayofichwa na simu yalionekana wazi katika zile.

Kwanza tukumbuke kamera ya filamu. Filamu ni utepe uliopakwa dawa, na dawa hiyo hubadilika ikipigwa na mwanga. Filamu husafishwa gizani, kisha picha hutolewa juu ya karatasi. Hivyo picha ni kitu cha kushika mkononi. Hata ukiipata filamu ya zamani iliyokwisha safishwa, ukiinua mbele ya dirisha utaona sura ya mtu. Huhitaji mashine.

Sasa tutazame kamera ya dijitali. Mahali pa filamu pana kipande kidogo, chenye sehemu ndogo ndogo nyingi zilizopangwa kwa mistari. Kila sehemu hupima mwanga ulioiangukia, na kamera huandika kipimo hicho kwa tarakimu. Kila kipimo huwa nukta moja ya picha.

Chukueni mfano wa mkeka wenye maua. Ukiutazama kwa mbali, waona ua. Ukiusogelea, waona chane tu: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Basi msukaji aweza kuyaandika maua yale kwa hesabu: mstari wa kwanza, chane nyeupe tatu, nyekundu mbili, mstari wa pili, nyeupe mbili, nyekundu nne. Msukaji wa mji mwingine akiisoma hesabu hiyo, atasuka ua lile lile. Kamera ya dijitali hufanya kazi kama hiyo. Haihifadhi picha, bali huhifadhi hesabu ya picha. Lazima mashine nyingine iisome hesabu ili sura ionekane.

Kamera ya kwanza ya namna hii ya kubebwa mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, mjini Rochester, Marekani. Uzito wake ulikuwa kilo 3.6 hivi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na kuiandika katika kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Kamera hiyo haikuuzwa.

Mwaka 1994 kampuni ya Apple ilianza kuuza QuickTake 100 huko Marekani, kwa dola 749. Je, mwenye kamera hiyo aliitumiaje? Alitia betri ndogo tatu, akachungulia katika kidirisha, akabonyeza. Lakini hakuwa na kioo cha kuitazama picha aliyopiga. Picha zilizo nzuri zilipofika 8, kamera ilijaa. Kila picha ilikuwa na mistari 480, na kila mstari nukta 640. Zidisheni ubaoni: mtapata nukta 307,200. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha ya nukta milioni 12, yaani karibu mara 40 ya hizo.

Kamera ikijaa, mwenyewe aliiunganisha na kompyuta kwa waya, akazihamisha picha. Kisha alibonyeza kitufe cha kufuta ili apate nafasi tena. Kitufe hicho hakikuchagua: kilifuta picha zote kwa mara moja. Basi aliyekibonyeza kabla ya kuhamisha alipoteza zote.

Mwaka 1995 kampuni ya Casio, ya Japani, ilitoa QV-10. Hiyo ilikuwa na kioo kidogo mgongoni, na mtu aliweza kuiona picha yake pale pale. Iliweka picha 96, lakini zenye nukta chache zaidi.

Mwaka 1997 kampuni ya Sony, nayo ya Japani, ilitoa kamera ya Mavica iliyoandika picha katika diski bapa ya plastiki, ile iliyotumiwa katika kompyuta za wakati huo. Watu waliipenda, maana diski zilikuwa rahisi na waya haukuhitajiwa. Diski ikijaa, ulitoa na kutia nyingine, kama mtu abadilishavyo kanda.

Hapa sasa ndipo penye shabaha ya somo letu. Kompyuta zinazouzwa leo hazina mahali pa kutilia diski hizo, na Sony yenyewe iliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011. Fikirini mtu aliyempiga mama yake picha kwa kamera ile mwaka 1997, asiitoe picha katika diski. Mama amekwisha fariki. Diski anayo mkononi, lakini uso wa mama hauoni. Akiinua diski mbele ya dirisha, aona plastiki nyeusi tu. Itambidi atafute mashine ya zamani, na huenda diski yenyewe imekwisha haribika. Lakini jirani yake aliyepiga kwa filamu mwaka ule ule anayo picha ukutani.

Msiseme kwamba mambo hayo ni ya diski za zamani tu. Simu nayo huanguka majini, huibiwa, hufa. Picha zilizomo ndani yake ni hesabu tu, na mashine ikifa pamoja na nakala yake ya pekee, hesabu imepotea.

Lakini hesabu ina faida yake pia. Yaweza kunakiliwa mara nyingi, na nakala ya kumi haipungui ubora kuliko ya kwanza. Basi yatupasa kufanya mambo manne.

Kwanza, chagua picha chache zilizo muhimu: za wazazi, za arusi, za watoto.

Pili, weka nakala mahali pawili, na pasiwe nyumba moja. Mpe ndugu yako nakala aitunze.

Tatu, ukipata simu mpya, hamisha picha wakati ile ya zamani ingali nzima.

Nne, zile zilizo bora kabisa zitolewe juu ya karatasi. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli jina la mtu, mahali, na mwaka. Kamera haijui jina la bibi yako. Kazi hiyo ni yako, nawe waiweza, maana umekwisha jifunza kuandika.

Sasa mwalimu atawauliza maswali haya. Kamera ya dijitali huhifadhi nini? Kwa nini picha ya filamu yaonekana bila mashine? Katika simu yako, ni picha gani ambayo hungependa ipotee, na nakala yake iko wapi?

Kwa swali la mwisho, kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Kwaherini, mpaka somo lijalo.