Maji ya Chawia yana wenyewe

Nilipokuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili katika shule moja ya Taita, nilikutana na sentensi ile ile katika karatasi zaidi ya ishirini: misitu huleta mvua. Hakuna aliyekosea, na kila mmoja alipata alama yake. Lakini katika karatasi zote hizo hapakuwa na msitu hata mmoja uliotajwa kwa jina. Asubuhi isiyo na ukungu, msitu wa Chawia ulionekana wazi kutoka dirisha la darasa lile, na bado vijana wetu waliandika habari za misitu kama mtu aandikavyo habari za theluji, kitu alichokisoma kitabuni na ambacho hatarajii kukigusa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa ni la nani, na sithubutu kuwatupia lawama wanafunzi.

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita katika nyika kavu yenye udongo mwekundu, kisha huyakuta mashamba ya mkonge ya Mwatate yaliyotandazwa mpaka upeo wa macho. Kulia kwake milima imesimama kama ukuta. Akiiacha Mwatate na kupanda, haupiti muda mrefu kabla hajaanza kutafuta sweta. Ukungu hushuka, migomba na mahindi hung'ang'ania miteremko mikali, na juu ya yote hayo, upande wa kusini wa milima ya Dabida, umekaa msitu wa Chawia. Miti ya asili iliyobaki hapo yafunika hekta 86 hivi. Huo ni msitu ambao mtu mzima mwenye miguu mizuri hahitaji siku nzima kuuzunguka.

Udogo huo usimdanganye mtu. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoteremka kupitia Upare na Usambara hadi Udzungwa nchini Tanzania. Kwa muda mrefu mno mawingu ya Bahari ya Hindi yamekuwa yakigonga milima hii na kuinyeshea, huku nyika iliyoizunguka ikiitenga kama bahari itengavyo kisiwa. Ndiyo maana kuna viumbe wasioonekana penginepo duniani. Mmojawapo ni ndege wa chini ya miti, mwenye kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye wataalamu humwita Turdus helleri. Hutafuta wadudu katika majani makavu yaliyoanguka na hapendi kuvuka mahali peupe. Makadirio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba Mbololo, msitu mkubwa zaidi, ulikuwa na ndege hao wapatao 1,000. Chawia walikuwa chini ya 40. Idadi kama hiyo haitoshi hata kujaza mabati ya paa la darasa moja, na watafiti walionya kuwa ndege wa Chawia ndio waliokuwa katika hali mbaya kuliko wenzao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wamefanya kazi Taita kwa miaka mingi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za mwaka 2004. Waligundua kwamba nusu ya msitu wa asili wa milima hii ilikuwa imetoweka katika kipindi hicho. Nusu nzima, katika umri wa mtu mmoja ambaye bado hajazeeka.

Mintarafu ya nani alaumiwe, jibu la haraka limezoeleka: mwanakijiji na panga lake. Simtetei. Kuni zimekatwa, nguzo zimekatwa, na mipaka ya mashamba imesogea usiku. Hata hivyo, haki yadai hesabu yote isomwe. Tangu mwaka 1948 Tsavo imekuwa hifadhi ya taifa, na leo mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi huchukua takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta. Ardhi nyingine tambarare imemezwa na mkonge na ranchi. Mtaita aliyebaki na kipande cha mlima hakukichagua kwa kupenda baridi. Akishuka, huko chini anangojewa na tembo shambani mwake. Akipanda, anaambiwa asiguse mti.

Tena, si panga tu lililobadilisha vilele hivi. Idara ya misitu, wakati wa mkoloni na baada ya uhuru, ilipanda misonobari, mivinje na mikalitusi katika sehemu mbalimbali za milima ya Taita, ikitaka mbao na kuzuia mmomonyoko. Nia huenda ilikuwa njema. Lakini chini ya msonobari huoti mche wa asili kwa urahisi, na mkalitusi hunywa maji kama mgeni asiyejua kwamba mtungi ni mmoja. Mbao zenyewe hazikuwa mali ya kijiji.

Kabla ya idara hiyo, Wataita walikuwa na fighi. Hivi vilikuwa vichaka na misitu midogo mitakatifu, iliyolindwa na wazee kwa niaba ya watu wa eneo lao. Haikuingiliwa ovyo, wala shoka halikupelekwa humo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na wa Kikatoliki wakafika Bura, chini kidogo ya Chawia, mwaka 1892. Watoto waliofunzwa katika shule zao walijifunza, pamoja na kusoma na kuandika, kwamba fighi ni giza. Mimi ni mtoto wa shule hizo na sitaki kumrudisha mtu yeyote kwenye matambiko. Ninachotaka tukione ni jinsi utaratibu ule ulivyofanya kazi. Aliyetunga sheria aliishi karibu na msitu. Aliyevunja sheria alifahamika kwa jina la baba yake, na kijito kilipopungua, waliokosa maji walikuwa ni wale wale waliokuwa na mamlaka ya kulinda miti. Nadhani hapo ndipo ulipokuwa msingi wa hifadhi ya kijamii, karne nyingi kabla ya neno lenyewe kubuniwa maofisini.

Sheria yetu imejaribu kuurudia msingi huo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wanakijiji kuunda vyama vya misitu vya jamii na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu katika kusimamia msitu, na sheria ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake imeendeleza mpango huo. Chama kikikubaliwa, wanachama waweza kuokota kuni, kuvuna asali, kukata majani ya mifugo, kuchuma dawa na hata kupokea watalii. Ni hatua kubwa ukilinganisha na enzi ambapo askari wa msitu alikuwa adui wa kwanza wa kijiji. Walakini, ukiusoma mkataba kwa miwani ya mkulima utaona upungufu wake. Kazi ya ulinzi ni ya kijiji. Faida iliyoandikwa wazi ni kuni na majani, na shirika lenyewe laweza kuuvunja mkataba au kuondoa haki fulani likishatoa notisi. Bidhaa kuu ya Chawia, ambayo ni maji, haina bei popote katika karatasi hizo.

Nimehudhuria semina za uhifadhi, na nakiri kwamba nimekula chakula chake. Hufunguliwa kwa sala, mgeni wa heshima huchelewa, ramani hubandikwa ukutani, na jioni watu hutia sahihi ya posho. Wakulima huambiwa kwamba wao ni wadau. Sijapata kusikia mkulima akiulizwa katika mikutano hiyo ni kiasi gani cha pesa kitakachobaki kijijini na ni nani atakayekigawa. Mizinga ya nyuki ni mizuri, vitalu vya miche ni vizuri, na mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke umewapatia wakulima kipato kwa kuuza buu wa vipepeo ng'ambo. Lakini bila swali hilo la pesa kujibiwa, miradi hii hubaki kuwa zawadi, na mtoa zawadi huondoka siku anayotaka.

Jibu moja lipo hapa hapa pwani yetu. Katika vijiji vya Gazi na Makongeni, Kaunti ya Kwale, wananchi walianzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko, eneo lisilozidi sana lile la Chawia, na huuza hewa ya kaboni ipatayo tani 3,000 kwa mwaka. Pesa zinazorudi hujadiliwa na wanakijiji wenyewe, na zimetumika kuleta maji ya bomba na kusaidia shule. Siusifu mradi huo kwa sababu ya kaboni. Nausifu kwa kuwa mzee wa Gazi aweza kusimama barazani na kuuliza shilingi za mwaka jana ziko wapi, na mwenye kujibu ni jirani yake.

Chawia haiwezi kuiga Gazi neno kwa neno. Mikoko huhifadhi kaboni nyingi mno katika tope lake, na hekta 86 za mlimani huenda zisivutie mnunuzi yeyote wa Ulaya. Mnunuzi wa Chawia yuko karibu zaidi. Vijito vya upande huu huteremka kuelekea Bura na Mwatate, na Mto Voi nao huanzia katika milima hii hii ya Taita kabla haujaingia Tsavo Mashariki. Huko Naivasha, kuanzia mwaka 2010, watumiaji wa maji wa chini, wakiwamo wakulima wa maua, walianza kuwapa wakulima wa milimani hati za kununulia pembejeo kwa kuhifadhi udongo na miti. Mwaka 2015 ukazinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambamo wanaotegemea maji ya mto huo, Nairobi ikiwamo, huwachangia wakulima wa vyanzo vyake. Kama maua na viwanda vya huko vyaweza kulipia chanzo cha maji, sioni kwa nini mashamba makubwa, hoteli na kampuni za maji za kaunti hii zisitenge sehemu ndogo ya mapato yao kwa ajili ya mlima unaowanywesha.

Nimeambiwa kwamba wananchi wa Mwatate ni maskini na kwamba bili zao zitapanda. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana ningependa waanze wale wenye mita kubwa, si mama mwenye ndoo. Nimeambiwa pia kwamba kamati za vijiji zitakula pesa. Huenda baadhi zikala. Sijaona kwamba wizi wa pesa za umma umewahi kutushawishi tufunge ofisi za mjini, basi sielewi kwa nini hofu hiyo iwe na nguvu tu pale pesa zinapotaka kupanda mlima.

Kikwazo halisi ni kingine, nacho chatuhusu sisi walimu. Hakuna atakayelipia maji ambayo hayajapimwa. Ukiwauliza wazee wa Chawia watakwambia kijito fulani kilikuwa kikubwa zamani, na mhasibu wa kampuni ya maji hawezi kuandika neno "zamani" katika daftari lake. Kila shule iliyo karibu na msitu ina klabu ya mazingira ambayo hupanda miche mbele ya mgeni rasmi na kuisahau kiangazi. Klabu hiyo hiyo yaweza kwenda kwenye chemchemi kila Ijumaa ikiwa na mtungi wa lita 20 na saa ya mkononi, ikahesabu sekunde zinazopita mpaka mtungi ujae, ikaandika. Iandike wakati wa vuli na wakati wa kiangazi, chini ya miti ya asili na chini ya mikalitusi. Baada ya miaka mitatu kutakuwa na takwimu za Chawia zilizokusanywa na watoto wa Chawia, na kamati itakayokwenda kuzungumza na kaunti itakuwa na la kuonyesha.

Daftari lenyewe litunzwe shuleni na nakala yake iwe kwa chifu. Mwanafunzi anayemaliza amkabidhi wa kidato cha chini yake, kwa sahihi, kama tukabidhivyo funguo za maktaba.