Kwa Nini Mwogeleaji Hutakiwa Kukaa Nje ya Bwawa Anapotibiwa Saratani

Mwezi Februari 2019, Rikako Ikee, mwogeleaji wa Japani mwenye umri wa miaka 18, alitangaza kuwa amegundulika kuwa na saratani ya damu. Miezi sita kabla ya hapo alikuwa ametwaa medali sita za dhahabu katika Michezo ya Asia mjini Jakarta. Alitibiwa, akapandikizwa seli shina, akaruhusiwa kutoka hospitalini Desemba 2019. Bwawani alirudi Machi 2020, baada ya siku zaidi ya 400 za kukaa nchi kavu.

Katika kliniki nyingi mgonjwa mwogeleaji huambiwa neno moja tu: usiogelee. Neno hilo ni sahihi lakini halitoshi. Asiyeelezwa sababu huingia majini kwa siri, au hukata tamaa na kuacha mazoezi yote. Ukweli ni kwamba katazo hili lina sababu kadhaa, na kila sababu ina wakati wake wa kwisha.

Sababu ya kwanza ni kinga. Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, zikiwemo zile za uboho zinazotengeneza damu. Chembechembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, ambazo ndizo askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria, kwa kawaida hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda tena. Katika siku hizo maji ya bwawa ni hatari hata yakionekana maangavu. Klorini huua bakteria wengi kwa dakika chache, lakini kimelea cha kriptosporidiumu, chenye ganda gumu, huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yenye kiwango cha klorini kinachotakiwa. Mtu mwenye afya huharisha wiki moja au mbili akapona. Mwenye kinga dhaifu huweza kuharisha kwa muda mrefu hadi akadhoofika vibaya. Ifahamike pia kuwa harufu kali ya bwawa si ushahidi wa usafi: aghalabu hutokana na klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji.

Sababu ya pili ni mrija wa dawa. Wagonjwa wengi huwekewa mrija unaopita kwenye ngozi ya mkono au kifua, ncha yake ikiishia katika mshipa mkubwa karibu na moyo. Maji yakilowesha mahali unapoingilia, bakteria hupata njia ya moja kwa moja kuelekea kwenye damu. Mfuko wa plastiki husaidia wakati wa kuoga kwa bomba la mvua, lakini hauaminiki mwili unapozama. Hapa hesabu nzuri ya damu haibadilishi kitu: mrija ukiwepo, bwawa hapana. Kifaa kilichofukiwa chote chini ya ngozi ni habari nyingine. Kidonda kikipona na sindano ikiwa haimo, daktari anaweza kuruhusu.

Anayetibiwa kwa mionzi husubiri hadi ngozi ipoe na kufunga, kwa kuwa klorini huikausha na kuichoma zaidi. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuishiwa nguvu katikati ya bwawa.

Wapo wanaodhani kwamba bahari au ziwa ni mbadala salama. Sivyo. Maji hayo hayatibiwi kabisa. Katika Ziwa Victoria kuna kichocho, ambacho viluwiluwi vyake hupenya hata ngozi isiyo na jeraha; na baharini mchubuko mdogo wa matumbawe unatosha kuingiza bakteria.

Mhudumu wa afya basi amweleze mgonjwa ni sababu ipi inamhusu na ni kitu gani kitaiondoa: hesabu ya damu, kutolewa kwa mrija, au kupona kwa ngozi. Aliyepandikizwa seli shina husubiri zaidi, miezi mingi, kwa kuwa kinga yake inajengwa upya na hata chanjo za utotoni hulazimika kurudiwa. Wakati huo kutembea, kunyoosha viungo na mazoezi mepesi ya nguvu huendelea kadiri daktari anavyoona inafaa. Kulala kitandani mchana kutwa humpotezea mwogeleaji misuli kuliko anavyofikiri. Ikee alishindana tena Agosti 2020, mita 50 za mtindo huru, na mwaka 2021 aliogelea katika timu za kupokezana za Japani kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Anayeruhusiwa kurudi aanze na vipindi vifupi, asimeze maji, na aoge kwa sabuni mara atokapo. Akipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi wakati matibabu bado yanaendelea, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, na aseme mapema kuwa anatumia dawa za saratani.