Saratani ya mapafu ikigunduliwa mapema, wengi hupona

Hakuna saratani inayoua watu wengi duniani kuliko ya mapafu. Mwaka 2022 pekee iliua watu wapatao milioni 1.8, na ndiyo maana wengi huamini kwamba anayeambiwa anayo amekwisha. Kinachosahaulika ni kwamba wengi wa waliokufa waligunduliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Uvimbe usiozidi sentimita moja na ambao haujafika kwenye tezi wala viungo vingine ni habari tofauti. Takwimu za kimataifa zinaonyesha kuwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa kundi hilo huwa hai miaka mitano baadaye. Ukiwa na sentimita kati ya 3 na 4, huwa hai karibu 7 kati ya 10. Ukishahamia kwenye ini, mifupa au ubongo, wanaofikisha miaka hiyo ni wachache mno.

Tiba kuu ya hatua za mwanzo ni upasuaji. Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, Dkt. Evarts Graham alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu zima la kushoto lililokuwa na saratani. Gilmore alipona na kurudi kazini. Graham, aliyevuta sigara kwa miaka mingi, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957, mgonjwa wake akiwa bado hai.

Baadaye madaktari waliacha kutoa pafu zima pale isipolazimu. Pafu la kulia lina sehemu kubwa tatu, la kushoto mbili, na kila sehemu imegawanyika katika vipande vidogo vyenye njia yake ya hewa na mishipa yake ya damu. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa kuondoa sehemu kubwa yote yenye uvimbe, kwa sababu utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba ukikatwa kidogo, saratani hurudi mara nyingi zaidi.

Mwaka 2022 watafiti wa Japani waliitikisa kanuni hiyo. Waliwafuatilia wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Baada ya miaka mitano, asilimia 94.3 ya walioondolewa kipande kidogo tu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 91.1 ya walioondolewa sehemu nzima. Ajabu ni kwamba saratani ilirudi palepale kifuani mara nyingi zaidi kwa kundi la kwanza, karibu asilimia 10 dhidi ya 5. Hata hivyo, vifo kutokana na magonjwa mengine vilikuwa vichache katika kundi hilo. Huenda pafu lililobakizwa liliwasaidia kuhimili maradhi yaliyokuja baadaye.

Mgonjwa ambaye moyo au pumzi yake haihimili upasuaji naye hajaachwa. Mionzi hulengwa kwenye uvimbe kutoka pande nyingi kwa vipindi vichache, mara nyingi vitatu hadi vitano, bila kisu. Kwa wenye badiliko katika jeni ya EGFR, kidonge cha osimertinib baada ya upasuaji kimepandisha idadi ya walio hai baada ya miaka mitano kutoka asilimia 78 hadi 88.

Tatizo ni kuuwahi ugonjwa. Nyama ya pafu haihisi maumivu, hivyo uvimbe hukua kimyakimya. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha zaidi ya wavutaji sigara 53,000, wa sasa na wa zamani. Waliopimwa kila mwaka kwa CT scan ya mionzi midogo walipungukiwa na vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, wakilinganishwa na waliopigwa eksirei ya kawaida.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kikwazo kingine: kikohozi kisichoisha, kukonda na makohozi yenye damu ni dalili za kifua kikuu pia. Ni sahihi kuanza kupima kifua kikuu. Ila kama makohozi hayakuonyesha vimelea, au umemaliza dozi na bado unakohoa, usikubali kurudia dawa zilezile bila uchunguzi zaidi. Muulize daktari kuhusu CT scan, hata kama hujawahi kuvuta sigara. Na kama unavuta, acha leo.