Maji ya Kifuu si Bahari ya Anemoni

Wahenga walinena kwamba bahari haishi zinge. Mimi niliyezaliwa na kulelewa Mombasa nilidhani zinge zote nimekwisha kuziona, hata siku nilipotia kipande cha bahari ndani ya tangi la kioo sebuleni mwangu.

Msomaji, anemoni wa zulia si ua wala si mwani. Ni mnyama. Yule ambaye wataalamu humwita Stichodactyla mertensii huishi katika matumbawe ya pwani yetu. Mguu wake huupachika ndani ya ufa wa mwamba, kisha hujitandaza juu kama busati lenye minyiri mifupi isiyohesabika, na huweza kufikia upana wa zaidi ya mita 1. Minyiri hiyo ina sumu ya kunasa samaki wadogo. Hata hivyo, wako samaki wenye pete nyeupe mwilini ambao hulala humo raha mustarehe, kwa kuwa ute wao huwakinga.

Wangu wa kwanza nilimnunua kwa mzamiaji mmoja. Tangi lilikuwa na majuma matatu tu tangu nilijaze maji, na taa yake ilikuwa ya kusomea kitabu. Sikuutazama mguu wa mnyama, kumbe ulichanika alipobanduliwa mwambani. Usiku wa nne aliachia jiwe, akaelea, akavutwa na pampu. Asubuhi maji yalikuwa kama tui, nyumba nzima yanuka, na samaki wote sita wamekufa.

Ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, alikuja akatazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "mvuvi huua ili watu wale. Wewe huyu umemuua kwa lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kile kisa tulichosomeshwa chuoni, cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Nikaona haya.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kujifunza. Anemoni hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwa mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wake, nao hutaka mwanga mkali. Maji yakizidi joto, mwani huo humtoka, naye hugeuka mweupe, kama yalivyogeuka matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998. Basi nilinunua taa za kufaa, nikaziwasha saa kumi kila siku. Chumvi naipima iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto lisivuke nyuzi 27. Kila juma nabadilisha sehemu moja ya kumi ya maji. Pampu nimeifunika kwa wavu, na iko betri ya kuiendesha stima inapopotea.

Wa pili sikumtoa baharini. Nilikabidhiwa na bwana mmoja aliyekuwa akihama, ambaye alimlea miaka mingi. Alinishika mkono akasema, "Hii ni amana." Nilidhani anatia chumvi, hata niliposoma habari za Sir John Dalyell wa Uskoti. Bwana huyo alimwokota anemoni mdogo wa aina nyingine pwani ya kwao mwaka 1828, akamweka ndani ya chupa. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokewa na mlezi mwingine, kisha mwingine, akaishi hadi mwaka 1887. Alimpita aliyemwokota kwa miaka 36!

Tangu hapo swali langu si tena namna ya kumpata anemoni, bali ni nani atakayemlea nikiondoka. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini anemoni si chungu. Kifuu chake hakiwi bahari ila kwa mkono wa mtu, kila siku ya Mungu. Asiyeweza hayo, na aende maji yakitoka akamtazame huko huko mwambani, bila ya kumgusa.

Juzi binti yangu alishika kipimo cha chumvi mwenyewe, akasoma, akaniambia, "Baba, maji yamezidi ukali, tuongeze ya mvua." Nilimwachia aongeze yeye.