Kamera kwenye Helmeti, Probox Mgongoni

Wengi wanaonunua kamera ya kufunga kwenye helmeti hutarajia kwamba dereva mkorofi akiiona atashika adabu. Hataiona. Dereva wa Probox aliyepakia watu kupita kiasi kati ya Litein na Kaplong anawaza mzunguko wa pili na hesabu ya mwenye gari, na kamera yako haizidi kiberiti kwa ukubwa. Hata akiiona, atajuaje kama inarekodi? Kamera haimzuii mtu kukubana barabarani. Kazi yake huanza mambo yakishaharibika, na huifanyia kwenye kaunta ya polisi, ofisi ya bima na mahakamani. Anayeinunua akilijua hilo ataifunga vingine, ataitunza vingine na, la maana zaidi, ataendesha vingine.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliwaparamia wachuuzi, waendesha boda na abiria waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Hakuna kamera ambayo ingemwokoa hata mmoja wao. Nalisema hili mapema kwa sababu wauzaji wa vifaa hivi hupenda sana kuandika neno “usalama” kwenye boksi.

Barabara za huku Kericho na Bomet zina mambo yake. Ile inayotoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong hupita katikati ya mashamba ya chai, na mahali pengi kichaka cha mwisho kiko hatua chache tu kutoka kwenye lami. Penye nafasi ya kando pana watu: wachumaji wanaorudi nyumbani, watoto wa shule, wenye mitungi ya maziwa. Alasiri lori za majani chai huzunguka vituo vya kukusanyia, kisha hupanda polepole kuelekea kiwandani, na nyuma ya kila lori hujipanga matatu, Probox na magari ya kibinafsi, kila mmoja akitafuta upenyo. Hapo mwenye pikipiki ndiye upenyo wenyewe. Dereva akiovateki penye mstari wa njano usiokatika, kisha trela ikatokea mbele yake, hapunguzi mwendo arudi nyuma yako. Anakuchomekea, kwa kuwa anajua utajitupa kando mwenyewe.

Sasa angalia hilo tukio linavyotokea. Linaanzia nyuma: taa kali kwenye kioo chako, honi, bampa iliyokaribia mgongo. Linapita ubavuni kwa sekunde mbili hivi. Linamalizikia mbele, gari likikata kuingia njia yako. Kamera inayotazama mbele peke yake itanasa hicho kipande cha mwisho tu, na dereva atasema alikuovateki kama kawaida nawe ukayumba kwa kukosa ujuzi. Ndiyo maana kwa barabara hizi ningependelea kamera mbili ndogo za bei ya kawaida, moja mbele na nyingine nyuma juu ya namba ya pikipiki, kuliko moja ya kifahari kwenye helmeti. Ya helmeti ina faida yake: inaonyesha ulikokuwa unatazama na inarekodi sauti yako vizuri. Lakini hugeuka kila ukigeuza kichwa, na pengine gari linapokupita wewe unaangalia shimo. Ukiichagua hiyo, ibandike kwa gundi yake karibu na kidevu. Usitoboe helmeti hata kidogo.

Simu nayo? Wapo wanaoifunga kwenye usukani na kuiacha irekodi. Mtetemo wa injini unaweza kuharibu kamera za simu zenye lenzi inayojisawazisha. Mwaka 2021 Apple wenyewe waliwaonya wateja wao kuhusu kufunga simu kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na boda ya mafuta ya kila siku haibembelezi simu pia.

Lenzi za kamera hizi ni pana, na lenzi pana hudanganya umbali. Probox iliyokuwa karibu kukugusa huonekana kwenye video kama imekaa mbali kwa heshima. Namba zake husomeka ikiwa karibu tu, na jua likipiga au matone yakitanda, hazisomeki kabisa. Dawa yake haina gharama: sema. Mara tu gari linapokupita, itamke namba kwa sauti ndani ya helmeti, pamoja na rangi ya gari, mahali na saa. “Probox nyeupe, namba fulani, nimepita Kapkatet naelekea Litein, saa kumi na dakika ishirini.” Maikrofoni itashika hata kama lenzi imeshindwa, na maneno yaliyosemwa papo hapo yana uzito kuliko kumbukumbu ya wiki tatu baadaye.

Matone hapa si jambo dogo. Kericho hunyeshewa karibu kila alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mvua ya mawe ya ukanda wa Kericho na Nandi inajulikana kwa wataalamu wa hali ya hewa duniani. Kamera isiyoingiza maji bado huweza kuzibwa na ukungu kwa ndani, kwa sababu hewa yenye unyevu ilifungiwa humo asubuhi. Weka kile kipakiti cha chembe za kufyonza unyevu kinachokuja na viatu vipya ndani ya kasha unapoihifadhi usiku, na ifunge kamera pakiwa pakavu. Lenzi ifute kwa kidole cha glavu kila ukisimama.

Kuhusu kadi, kamera inayorekodi kwa ubora wa kati hula takriban gigabaiti 7 kwa saa. Kadi ya 64 hukupa saa nane au tisa, kisha kamera huanza kufuta ya zamani kuandikia mpya. Mwendesha boda anayeamka alfajiri na kulala saa nne usiku anaweza kupata ajali saa mbili asubuhi, akaendelea kubeba wateja, na jioni akakuta ushahidi wake umeliwa na safari za sokoni. Ukigongwa au ukinusurika, zima kamera na utoe kadi. Nunua ya akiba, ndogo kama kucha, ikae mfukoni.

Na saa ya kamera! Betri ikiisha kabisa, nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, ukajikuta unawasilisha video ya Januari ya mwaka ambao pikipiki yako haijanunuliwa. Irekebishe kila wiki. Kisha kuna hili la kwetu: kamera inaandika 16:20 nawe kwenye taarifa unasema saa kumi na dakika ishirini. Mwombe askari aandike zote mbili, usije ukaulizwa mahakamani ni ipi ya kweli.

Sheria yenyewe haina tatizo na video. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inaukubali ushahidi wa kidijitali katika kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014. Lakini mahakama hupima ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama umechezewa. Kifungu cha 106B nacho kinadai cheti kinachoitambulisha rekodi, kueleza ilivyotolewa na kutaja kifaa, kikiwa na saini ya mhusika. Kwa lugha ya barabarani: usiikate video, usiiongezee muziki, usiipitishe WhatsApp ambako hubanwa na kupoteza ubora na taarifa zake. Nakili kwenye kompyuta, kadi ya asili iweke kwenye bahasha. Ajali nayo iripoti upesi. Sheria ya Trafiki inampa dereva muda usiozidi saa 24. Chukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na, kama umeumia, fomu ya P3 ya majeraha. Video isiyo na namba ya OB ni sinema tu.

Kumbuka pia kwamba kamera haina upande. Baadhi huandika mwendo wako chini ya picha. Kikomo katika miji ni kilomita 50 kwa saa. Ukionekana unapita Litein kwa 75, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Abiria wawili nyuma, wakati sheria inaruhusu mmoja mwenye helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, nao wataonekana. Tusi ulilotoa litasikika.

Baya zaidi ni kumfuata dereva aliyekubana. Mtu akishakuwa na kamera hushikwa na tamaa ya kupata picha nzuri: amkimbize dereva, ampige kioo, amwulize maswali kwenye steji huku akirekodi. Machi 2022, katika barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, waendesha boda walimzingira mwanamke dereva baada ya ajali na kumdhalilisha. Video ya simu ilienea, msako wa nchi nzima ukaamriwa, na waendesha boda wasiohusika wakateseka pamoja na waliohusika. Kabla ya video ile pengine kulikuwa na dereva mwenye kosa na boda mwenye kilio cha haki. Baada yake, hakuna aliyeuliza.

Dereva akikubana, punguza mwendo polepole huku ukimwonyesha taa ya breki, ingia kituo cha majani au njia ya shamba iliyo karibu, mwache apite. Dakika moja unayopoteza hapo inalipwa na video inayoonyesha mtu mmoja tu mwenye vurugu.

Kupeleka kipande cha video Ma3Route, jukwaa la mtandaoni la taarifa za barabarani, kunavutia, na kuna madereva waliowahi kuadabishwa kwa njia hiyo. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda hata waliokuwa wamekaa tu ndani ya gari. Septemba 2023 Kamishna wa Data alilitoza faini eneo moja la burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Boda anayerekodi kazini ajue kwamba sauti ya mteja wake imo humo, na amwambie kabla hajapanda. Huko Wales Kaskazini polisi walianzisha mwaka 2016 mpango uitwao Operation Snap, ambapo raia huwatumia video za madereva wakorofi moja kwa moja mtandaoni. Kaunti za Kericho na Bomet, zenye boda kila steji, zingefaa kuwa za kwanza kwetu kujaribu jambo kama hilo. Ninawaomba makamanda wa trafiki walifikirie.

Bei ya kamera inashuka kila mwaka, nayo ni chombo kizuri. Lakini kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua tairi la nyuma lenye meno au helmeti isiyo na ufa. Kamera ingoje.